Kinywa Kikavu

Walimleta Usoke saa mbili usiku, kwenye pikipiki,
katikati ya dereva na kaka yake,
kafungwa kwa kanga asidondoke.
Mihambo, miaka thelathini na moja, mkulima wa tumbaku,
kifua wazi, analoa.
Si kwa mvua. Mvua tunaisubiri tangu Oktoba.
Analoa kutoka ndani: jasho, machozi,
mate yanashuka kidevuni kama uzi wa asali,
na kifua kinatokota
kama maji ya ugali yanayongoja unga.

"Kala nini?"
"Hajala kitu. Alikuwa anapiga dawa."

Dawa. Neno letu moja kwa vitu viwili:
ile inayovuja kwenye bomba la mgongoni,
koki imezungushiwa mpira wa baiskeli,
na hii niliyoifungia kabatini, ampuli ishirini na sita,
nilizozihesabu Jumatatu nikadhani ni nyingi.

Namulika jicho. Mboni imesinyaa,
tundu la sindano, uzi haupiti.
Mapigo arobaini na mbili.
Anatoa harufu ya kitunguu saumu, na kwao
hakuna aliyekaanga kitunguu.

Mvueni kaptura. Vaeni glavu. Sabuni, maji,
nywele, makwapa, chini ya kucha.
Kaka mtu kashika chupa ya maziwa:
"Bibi alisema maziwa huvunja sumu."
Bibi yako hakukutana na sumu hii. Weka chini.
Mlaze ubavu. Ukitaka kusaidia
kanyaga hiyo pampu ya kunyonya makohozi, usiache.

Moja. Dakika tano. Naweka sikio kifuani: mto.
Mbili zaidi. Dakika tano. Bado mto.
Nne.
Mkufunzi alikuwa akituambia,
usiulize dozi ni ngapi, yaulize mapafu.
Nayauliza. Yananijibu kwa maji.

Nje wilaya nzima inaomba mvua.
Kanisani wanaomba, msikitini wameiswalia,
miche kitaluni imeinamisha masikio,
na mimi, binti wa mtu wa tumbaku,
nimepiga goti kwenye saruji
naomba ukame.
Ukame, Mungu wangu, kwenye mapafu haya mawili tu.

Kaka mtu anakanyaga, anaongea peke yake:
kwamba sumu yenyewe ni ya mkopo,
chama cha msingi kimeiandika daftarini,
chupa tatu, zitakatwa tumbaku ikiuzwa.
Kwa hiyo hata hii anayoitoa jasho
hajailipia.

Gari la kwenda Kitete lina pancha. Wamesema alfajiri.

Ampuli ya kumi na tisa.
Naweka sikio: hewa. Hewa tupu,
kama mtu anayepekua magazeti chumba cha pili.
Mapigo tisini na nane. Ngozi kavu, ya moto.
Anaweweseka, anachuma majani hewani,
anayapanga, anafunga robota,
ananiita mteuzi, ananisihi nisimshushe daraja.
"Maji," anasema. "Mdomo umekauka."
Sijawahi kusikia lalamiko tamu kama hilo.
Nalowesha pamba, nampangusa midomo.
Sijamwambia mtu habari za siku ya tatu,
shingo inapoweza kulegea
na pumzi kusahau njia.

Saa kumi na moja mkewe anafika kwa miguu,
Nyanzobe, mtoto mgongoni.
Mihambo anapapasa kifua chake:
"Shati langu la kazi?"
"Nimelifua," anasema. "Lilikuwa linanuka,
nimelisugua kwa mikono mpaka limetakata."
Anafuta machozi kwa pindo la kanga.
Anafuta tena. Nikadhani analia.
Kisha akageuka, akatema mate dirishani,
mara moja, mara ya pili,
akaomba radhi.

Kabatini zimebaki nne.
Nikamwambia kaka mtu amfungue mtoto mgongoni,
taratibu, kwa glavu.
Nikamwinua Nyanzobe kidevu,
nikawasha kurunzi.